Simu ni yangu, mega (za internet) naweka miye, sasa patron anataka awe anaifuta wakati anapenda??

Ba ndugu wa Lubumbashi na wote mnasoma hapa, muniache niseme juu nimechoka kabisa.

Natumika mu ajansi moja ya tranziti, ni siye tunafanya makaratasi ya makamiyo yenye inaenda Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia. Tangu nianze kazi sijapewa hata simu moja. Hii niko nayo nilinunua miye mwenyewe dola 140, mega miye, SNEL ikikata umeme miye njo natafuta fasi ya kuchaji. Sasa wiki iliyopita ba shefu wameleta mutu wa informatiki, kila mufanyakazi aingize programu yao ya kusimamia simu, ao hafungui tena meili wala deklarasio. Nikasoma ile karatasi mbele ya kusaini (wengi hawakusoma), iko imeandikwa wanaweza kufuta simu YOTE. Haiko faili za kazi tu, YOTE.

Na walishafanya. Dada mumoja wa kontabilite kontra yake iliisha Ijumaa, Jumamosi asubui simu ikawaka sawa vile inatoka mu kartoni. Picha za matanga ya mama yake zilikuwa mule, hakuwa na kopi fasi ingine. Alikuja biro akalia, wakamujibu: ulisaini.

Kenye kinaniuma sana ni kwamba haikukuwa lazima hata kidogo!! Kazi yetu yote tunaifanyia mu brauza. Ku ordinatere unafungua profaili ya kazi (fasi ya kazi peke yake, yenye haichanganyike na vitu vyako) ndani ya Chrome, kampuni inasimamia ile profaili peke yake, inakataza kupakua, kukopi, kuprinti, sesio inajifunga, mutu akiacha kazi wanafunga akaunti yake na imeisha. Ku Android profaili ya kazi iko tangu Android 5 ya 2014, ukiifuta, picha zangu na WhatsApp yangu zinabaki salama. Mutu wa informatiki anajua hiyo, nilimuuliza mbele ya batu, akasema ni amri ya juu.

Sikatae usalama. Simu yenye haipate tena mizajuru (marekebisho mapya ya sistemi) ni mulango wazi, na mwizi akichukua kuki za sesio yako (alama yenye brauza inachunga ya kuonyesha kama ulishaingia) anaingia bila kuulizwa neno la siri wala kode ya SMS. Basi waangalie toleo la sistemi, skrini kama iko na kode, brauza kama ni ya sasa, na simu ya zamani waiachie kusoma tu. Hiyo nasaini leo leo. Lakini ordinatere ya kwa resepsio iko bado na Windows 10, Microsoft ilisimamisha sapoti yake tarehe 14 Oktoba 2025, batu sita wanaitumia na neno la siri moja lenye wamebandika ku skrini, hiyo hakuna shefu anaisemea!

Tena inchi yetu ya Kongo iko na Code du numérique (sheria ya mambo ya dijitali) tangu Machi 2023, inaongea juu ya kulinda data binafsi za mutu. Karatasi yao haisemi hata wataona nini, kama ni fasi niko, kama ni aplikasio zangu, hakuna.

Wenye munatumika mu ba banki ao mu ba mine, kwenu walifanya aje? Iko mutu alikataa kusaini na akabaki na kazi? Wametupa mpaka Jumatatu, kwa sasa niko nakopi picha za batoto ku flashi.