Tupeane uzoefu: mlikwenda kuangalia pomboo, bahari ikawapa kingine

Asalaam alaykum jamaa. Naanza mie mwenyewe.

Mwezi wa nane mwaka jana walikuja shemeji zangu kutoka Tanga, wanataka pomboo. Tukaenda Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, tukapata boti ya mbao ya mzee mmoja, tukatoka baada ya sala ya alfajiri. Kusi linavuma, shemeji mdogo anatapika tangu tumeacha pwani. Pomboo tuliwakuta, lakini wameshazungukwa na boti saba. Kila nahodha anawakatia njia kwa mbele, wageni wanajitupa majini karibu waangukie migongo yao. Wakizama, mashine zote zinanguruma kuwafuata. Iliniuma. Mzee wetu akatazama kidogo, akasema, "Hawa wamechoka. Siwafuati." Akageuza chombo kwenda nje, akazima mashine. Shemeji zangu wakanuna, maana pesa zishalipwa.

Tukawa tunaelea tu. Ndipo nikasikia mlio, nao haukuja masikioni, ulikuja miguuni, unapita kwenye mbao. Kama mtu anayeguna ndani ya mtungi, kisha unapanda juu mpaka unakuwa kama bawaba kavu ya mlango. Mzee akalaza sikio chini kwenye ubao. "Nyangumi. Dume huyo, anaimba." Akatueleza kuwa hawa wenye nundu hutoka kwenye barafu ya kusini kabisa ya dunia, wakafika kwetu kuanzia Julai, kuzaa na kupandana kwenye maji ya vuguvugu.

Mwimbaji hatukumuona. Tuliowaona ni mama na mwanawe. Kwanza pumzi, "pwaaa", mvuke umesimama juu ya maji, halafu mgongo mweusi unaopita na haumaliziki kupita. Yule mtoto peke yake nusu ya boti yetu. Mzee hakuwasha mashine hata mara moja. Wao wenyewe walitupita, taratibu, na mama alipoinua mkia ule, shemeji mdogo alikuwa amesimama, kutapika kumekwisha, anasema "Subhanallah" tu, anarudia na kurudia.

Haya, leteni vyenu.

*Kijana wa Dimbani:* Changu si kirefu lakini kizito. Baba yangu alikuwa akivua pomboo. Wengi hapa wazee wao walifanya hivyo, nyama ikiwa chambo cha papa. Kazi ile ilikwisha katikati ya miaka ya 1990, wageni walipokuwa wanalipa kuwaona wakiwa hai, na 1997 Ghuba ya Menai, bahari yetu hii, ikawa hifadhi. Mie natembeza wageni, yeye hajawahi kupanda boti yangu mpaka Shaaban iliyopita. Siku hiyo bahari shwari kama sinia. Akaja pomboo mmoja, pezi lake la mgongoni limekatika ncha, akalala ubavu pembeni ya chombo, jicho lake kwa baba. Walitazamana muda mrefu. Baba akavua kofia. Akaniuliza jambo moja tu: "Hawa wanaishi miaka mingapi?" Nikamwambia wapo wanaopita arobaini. Hakusema tena neno mpaka tunafunga nanga.

*Mama wa Chake:* Sisi wa Pemba tulikuwa tunakwenda kisiwa cha Misali kuogelea, pomboo hatukuwafikiria. Tumetoka Wesha, katikati ya njia wakatoka kundi zima wale wembamba wanaoruka na kujizungusha hewani kama pia. Mwanangu wa miaka sita akihesabu mizunguko. Mmoja kazunguka mara nne kabla hajarudi majini. Kurudi nyumbani hakutaka kula, anataka kusimulia.

*Mgeni wa Nungwi:* Nyangumi huonekana mwezi gani hasa? Na huku kwetu wanafika?

*Mwanzisha mada:* Julai mpaka Septemba ndiyo bora, na huku kwenu wanapita pia, mtafute nahodha anayekubali kuzima mashine. Pomboo wa Kizimkazi wapo mwaka mzima. Vaeni koti, kusi lina baridi asubuhi.

Kijana wa Dimbani, nimekusoma mara tatu. Nisalimie sana mzee, na kama atakubali, mchukue tena mwezi wa nane asikilize ule mlio kwenye mbao.

Wakojani, wavuvi wa kisiwa cha Kojani kule Pemba, bado hamjasema kitu, na nyie ndio mnaolala baharini. Nasubiri.