Ushauri: bunju akitolewa ini na mayai analika? Na midomo ikifa ganzi tufanyeje?

MamaSamaki_Kigombe:
Wakuu, salaam. Niko Kigombe, Tanga, nakaanga samaki. Vijana wa juya wananiletea bunju, wanasema akitolewa ini, mayai na ngozi, akachemshwa na ndimu, hana neno. Ni kweli? Na mtu akishakula, midomo ikaanza kufa ganzi, tuanze na lipi? Huku watu hukimbilia maziwa na madafu.

SeliHai:
Dada, usimuuze. Sumu yake, tetrodotoksini, haiishi kwa kuchemsha wala kukaanga, na ndimu haiigusi. Hujaa zaidi kwenye ini na mayai, lakini ngozi na utumbo vinayo, na kwa baadhi ya aina hata mnofu. Kisu kikitoboa ini tu, mnofu umeshapakwa. Miligramu 1 hadi 2 hukadiriwa kutosha kuua mtu mzima. Haifiki hata chumvi unayobana kwa ncha za vidole viwili.

Utando wa neva una protini zenye tundu, ndizo chaneli za sodiamu. Ubongo ukiamuru pumzi ivutwe, chaneli hizo hufunguka kwa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, sodiamu inaingia, umeme unasonga mbele. Tetrodotoksini hukaa kwenye mdomo wa tundu kwa nje, kama kizibo cha chupa. Toshio Narahashi na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1964. Chaneli za moyo zina asidi amino (vijenzi vya protini) tofauti pale pa kukaa kizibo, kwa hiyo moyo huendelea kupiga wakati kifua kimeshalala. Hapo ndipo pana nafasi ya kumwokoa mtu.

TabibuPwani:
Mama, maziwa na madafu hapana. Koo likilegea, yataingia mapafuni. Ganzi ya midomo na ulimi mara nyingi huanza kati ya dakika 10 na 45, lakini inaweza kuchelewa saa kadhaa. Usingoje izidi. Tafuteni gari, mpigieni simu mganga wa zahanati, na ulizeni mapema ni hospitali gani yenye mashine ya kupumulia iliyo wazi, Bombo au kwingine. Njiani mlazeni ubavu.

Kila dakika chache mwambieni avute pumzi moja na kuhesabu kwa sauti. Asipofika 20, misuli ya kupumua inachoka. Msitegemee kipimo cha oksijeni cha kidoleni pekee, hushuka kwa kuchelewa. Pumzi ikikatika, mganga abane mfuko wa kupumulia mara moja kila sekunde 6 na asiache. Mkaa wa dawa ni ndani ya saa ya kwanza tu, na kwa anayemeza vizuri.

Nasisitiza hili: mgonjwa anaweza kulala bila kukunja hata kidole, mboni zimetanuka, na bado anasikia kila neno. Msimfunike shuka. Semeni naye. Akipumuliwa vizuri, wengi hurudi ndani ya saa 24.

Mfamasia_Ngamiani:
Naongeza la dawa. Dawa ya kuivunja sumu hii haipo. Neostigmini, dawa ya kuamsha misuli iliyolegea, hushauriwa mara kwa mara, lakini haikiondoi kizibo, isiwacheleweshe kupumua kwa mfuko. Na lignokeini, dawa ya ganzi, isichomwe kabisa: nayo hufunga chaneli hizo hizo, ila kwa upande wa ndani.

Kufunga chaneli kwa kuchagua ndiko kunakozaa dawa. Suzetrijini, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2025 kwa maumivu makali ya muda mfupi, hulenga Nav1.8, chaneli ya neva za maumivu, ikaziacha za misuli. Na hiyo Nav1.8 ni mojawapo ya zile ambazo sumu ya bunju haizifungi kirahisi.

MamaSamaki_Kigombe:
Ahsanteni sana. Na wale walioanikwa kwa chumvi tayari?

SeliHai:
Chumvi na jua haviitoi. Wachimbie shimo refu, paka na kuku wasiwafukue. Kisu na ubao uvisugue kwa sabuni na maji mengi kabla hujagusa changu au tasi.