Naomba ushauri: kiasi cha matza kwa mzee asiye na meno

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nipo London, namhudumia mzee wa Kiyahudi ambaye meno karibu yote yamekwisha. Pasaka yao inakaribia, na anasisitiza usiku wa kwanza lazima ale matza, ule mkate mkavu usiotiwa chachu, angalau kezayiti moja, yaani ukubwa wa zeituni.

Sasa zeituni ipi? Binti yake anashikilia kuwa ni nusu ya yai, maana Shulchan Aruch, kitabu cha sheria za Kiyahudi, imeitaja. Mkwe anasema kwa Maimonides, mwanazuoni wao wa zamani, haifiki hata theluthi ya yai. Na kinachopimwa ni ujazo, si uzito, kwa hiyo mizani ya jikoni hainisaidii. Tena amalize ndani ya dakika chache, wengi wanasema kama 4 hivi! Kipande cha kiganja tu anakihangaikia mpaka chai inapoa.

Najua mzee anaruhusiwa kulowekewa kwenye maji, ila si kwenye mchuzi. Mliowahi kufanya kazi nyumba hizi, mnailoweka vipi isigeuke uji? Na mtu dhaifu huwa anakubaliwa kipimo kile kidogo? Rabi wao nitamuuliza pia, ila nataka niende na maswali yaliyonyooka.