Mrejesho: Simu ya data (CSD) kwenye kifaa cha maabara, sasa inashika

Wakuu, niliuliza kwa nini modemu ya GSM ya mita ya umeme, tunayoipima maabara hapa Kampala, inapiga simu ya sauti vizuri kwenye kifaa kinachojifanya mnara, lakini simu ya data (CSD, yaani simu inayobeba data badala ya sauti) inaishia kuandika NO CARRIER, yaani haijaunganishwa. Imepona.

Aliyesema tuangalie AT+CBST, amri ya kuchagua aina ya simu ya data, Mungu ambariki. Modemu ilikuwa kwenye 7,0,1: kasi ya biti 9600 kwa sekunde kwa V.32 (kiwango cha modemu za laini za simu za kawaida), na ile 1 ya mwisho inaomba RLP, itifaki inayotuma upya fremu zilizoharibika. Kifaa nacho kilipangwa kupokea data bila RLP, kwa V.110 (kiwango cha data ya kidijitali). Tukaandika AT+CBST=71,0,0 (71 ni 9600 kwa V.110, 0 ya mwisho ni bila RLP), tukapiga kwa amri ya ATD bila nukta-mkato mwishoni (ukiiweka inakuwa simu ya sauti!), ikajibu CONNECT 9600. Kila herufi niliyochapa ikarudi kwenye skrini kama ilivyo.

Waliosema laini (SIM) ndiyo mbovu: ni laini ya majaribio, yenye namba ya mtandao wa majaribio 001/01, na ingekuwa mbovu hata sauti isingepita.

Basi tukapunguza nguvu ya mawimbi kidogo kidogo. Herufi zikaanza kuja zimevurugika, maana bila RLP hakuna wa kuomba fremu irudiwe. Tukawasha RLP pande zote mbili: zikaja sahihi, ila kwa kuchelewa. Kwa mita, mimi nachukua hiyo ya kuchelewa. Nani anataka yuniti za uongo kwenye bili?

Kilichobaki ni kasi ya 14.4 (biti 14,400 kwa sekunde). Modemu inakubali amri, simu haishiki. Mwenye uzoefu nayo aseme.