Prezida wa Kongo akitangaza eta de sieji (jeshi linashika utawala juu ya vita), kuna kitu hawezi kugusa?

mwana_kadutu:
Bandugu munaojua sheria munisaidie. Mdogo wangu iko Butembo, Kivu Kaskazini, mwaka 2022 alikopa dola 400 atengeneze pikipiki yake, akachelewa kulipa, mwenye deni akaenda kwa basoda (wanajeshi), wakamtia kasho (mahabusu) siku 9 banamwambia hapa ni eta de sieji sheria ya raia inalala. Mama akauza mbuzi mbili huku Bukavu ndiyo akatoka. Njo nauliza, prezida akitia saini tu, haki zetu zote zinalala kweli?

avoka_nguba:
Pole sana ndugu yangu. Hazilali zote. Katiba ya 2006, kifungu cha 61: hata kukiwa eta de sieji kuna vitu haviguswi, uhai, kutoteswa, haki ya kujitetea na kukata rufaa, uhuru wa dini, na ya mdogo wako imeandikwa mulemule, kufunga mtu juu ya deni ni marufuku. Kifungu cha 156 kinamruhusu prezida kupeleka kesi za jinai kwa mahakama ya jeshi, jinai tu, na hata pale rufaa haisimamishwi.

mama_muhumba:
Avoka unasema kweli lakini tuangalie na siku. Kifungu cha 144 kinatoa siku 30, zikiisha inakufa yenyewe, isipokuwa Asemble na Sena, mabaraza mawili ya bunge, wakubali kuongeza 15. Eta de sieji ya Kivu Kaskazini na Ituri ilianza tarehe 6/5/2021 na mwaka uliofuata walikuwa bado wanaongeza 15, tena 15, tena 15, na wakati depite (wabunge) pamoja na Sena wana uwezo wa kuizima kwa sheria siku yoyote! Hii inaniuma, juu tuliwatuma sisi.

avoka_nguba:
Ni vile mama. Na wakati wa korona 2020, prezida alipotangaza hali ya dharura, walibishana kama alipaswa kupata kwanza ruhusa ya Kongre (Asemble na Sena pamoja), kifungu cha 119 na cha 85 havisemi sauti moja, Mahakama ya Katiba ikasema alifuata Katiba. Tangu pale mlango ulibaki mpana.

mwana_kadutu:
Kumbe rufaa ilikuwepo, hakuna hata mmoja alimwambia. Walimpa tu kikaratasi, nyuma ya risiti ya mafuta, wameandika "amelipa" na tarehe.

avoka_nguba:
Usikitupe. Kipige picha leo, pande zote mbili, na mama aandike mbuzi aliuza siku gani na bei gani.