Naomba ushauri: fanksheni inayojiita yenyewe inakwama ndani ya Emacs

Ndugu wataalamu, salamu. Nimehamisha kutoka Scheme kwenda Emacs Lisp (lugha ya programu ya kihariri Emacs; zote mbili ni za familia ya Lisp) fanksheni ndogo inayojiita yenyewe ili kujumlisha mauzo ya duka. Mistari 100 inapita bila shida, lakini faili la mistari 3,000 linakatishwa kwa ujumbe unaotaja max-lisp-eval-depth (kikomo cha kina, yaani miito mingapi inaweza kuwa ndani ya mingine), ambayo kwangu ni 1600. Scheme, kwa mujibu wa kanuni zake, haiongezi kina pale ambapo tendo la mwisho la fanksheni ni kujiita, nami nilidhani ndugu hawa wawili wamelelewa nyumba moja. Kuikompaili hakukusaidia. Kupandisha kikomo naogopa, maana Emacs yenyewe inaweza kuanguka. Je, nitumie named-let (kitanzi chenye jina kinachojiita), iliyokuja na toleo la 28 la Emacs, au niiandike upya kwa dolist (kitanzi cha kupitia orodha)? Mabano nimeshayahesabu mara mbili.