Jaribio la malipo hufeli usiku tu, mchana linapita

Swali

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninasimamia mfumo wa kukusanya ada za shule, ulioandikwa kwa Django 5 (kiunzi cha Python cha kutengenezea tovuti) na unaotumia hifadhidata ya PostgreSQL. Majaribio yetu ya kiotomatiki hupita yote tunapoyaendesha mchana, iwe kwenye kompyuta zetu au kwenye seva. Yale ambayo seva huyaanzisha yenyewe saa saba usiku hufeli, na kila mara linalofeli ni lile linalosajili malipo na kisha kuangalia kama yameonekana kwenye ukurasa wa “Malipo ya leo”. Hutarajia rekodi 1, likapata 0. Asubuhi tukiliendesha upya, bila kugusa msimbo, linapita.

Katika mipangilio, USE_TZ (kuzingatia kanda za saa) ni True na TIME_ZONE ni Africa/Dar_es_Salaam. Ukurasa huo huchuja rekodi kwa paid_at__date=timezone.now().date(), yaani tarehe ya wakati wa malipo (paid_at) iwe sawa na ya leo. Naomba mwongozo.

Jibu la 1

Mara nyingi jaribio linalofeli na kupita bila utaratibu huwa linategemea data iliyoachwa na jaribio jingine. Yaendeshe kwa kuongeza --shuffle, ambayo Django inayo tangu toleo la 4.0, uone kama mpangilio ukibadilika na matokeo yanabadilika. Ikishindikana, iagize seva irudie jaribio hilo hadi mara tatu kabla ya kutangaza kwamba limefeli.

Jibu la 2

Ndugu, naomba nipingane na ushauri wa kurudia. Jaribio hili lina utaratibu kamili, kwa kuwa hufeli saa ileile na kupita saa zilezile, na kulirudia saa saba usiku hakutabadilisha chochote.

Chanzo ni tofauti ya saa 3 kati ya UTC (saa za marejeo za dunia) na saa za Afrika Mashariki. USE_TZ ikiwa True, timezone.now() hurudisha wakati wa UTC, kwa hiyo ukiiongezea .date() unapata tarehe ya UTC. Kichujio cha __date, kwa upande wake, huugeuza kwanza wakati uliohifadhiwa uwe wa ukanda ulioutaja kwenye TIME_ZONE, ndipo kikachukua tarehe. Saa saba usiku ya tarehe 2 Machi hapa kwetu ni saa 22:00 ya tarehe 1 Machi kwa UTC: malipo yanahesabiwa kuwa ya tarehe 2, ilhali ukurasa unatafuta ya tarehe 1. Hali hiyo hudumu kuanzia saa sita hadi saa tisa usiku, kila siku ya mwaka.

Tumia timezone.localdate() badala yake, ambayo hutoa tarehe ya ukanda wako. Zaidi ya hapo, tambua kwamba jaribio lako linasema kweli: mzazi akilipa kwa simu saa saba usiku, mhasibu anayefungua ukurasa muda huohuo hayaoni malipo hayo. Tafadhali msilizime.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Nimebadilisha mstari huo, nikaliendesha jaribio baada ya saa sita usiku, na limepita. Je, nifanye nini ili kosa hili lisijirudie pasipo kulazimika kusubiri usiku?

Jibu la 3

Ligandishe jaribio kwenye wakati unaouchagua mwenyewe, kwa maktaba ya freezegun au time-machine. Ukigandisha “2025-03-01 22:30” kwa UTC, jaribio litaamini kuwa ni saa saba na nusu usiku ya tarehe 2 Machi hapa kwetu, hata ukiliendesha saa nne asubuhi. Andika na la pili lenye wakati wa mchana.

Angalia jambo moja ambalo huwasumbua wengi: maktaba hizi hugandisha saa ya Python tu. Ikiwa paid_at hujazwa na PostgreSQL yenyewe, kwa mfano kupitia db_default=Now(), hifadhidata itaendelea kutumia saa yake halisi na jaribio litafeli kwa sababu nyingine kabisa; katika hali hiyo, weka thamani ya paid_at waziwazi ndani ya jaribio.

Kisha tafuta now().date() katika msimbo wote, ukianza na ripoti za mwezi. Kama ripoti huchagua mwezi kwa njia hiyohiyo, mhasibu atakayeifungua saa nane usiku ya tarehe 1 ataletewa mwezi uliokwisha.